Ruzuku za Mfuko wa Jamii kwa Asasi za Mkoa wa Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandaliwa na dawati la ruzuku la mfuko wa jamii kwa ajili ya asasi zinazofanya kazi katika Mkoa wa Kigoma, kuanzia Manispaa ya Kigoma Ujiji hadi Kakonko, na kutoka mwambao wa Uvinza hadi milima ya Buhigwe. Tumeanza na maswali tunayoulizwa kabla mgeni hajaketi kitini, tukamalizia na yale yanayoulizwa baada ya barua za majibu kutoka.

Mfuko wa jamii ni nini, na una tofauti gani na wafadhili wengine?

Mfuko wa jamii ni chombo kinachokusanya michango ya watu wengi wa eneo moja, yaani wakazi, wazaliwa wanaoishi mbali, wafanyabiashara na taasisi, kikaitunza kwa pamoja na kuitoa kama ruzuku kwa asasi zinazolihudumia eneo hilohilo. Mfuko wa kwanza wa aina hii ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914 na Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki, ambaye alikerwa na wosia za matajiri waliokwisha kufa zilizoendelea kufungia fedha kwenye mahitaji ambayo hayakuwepo tena. Aliona ni heri fedha hizo ziwe chini ya kamati ya watu walio hai, wanaolijua eneo lao na wanaoweza kubadili mwelekeo mahitaji yanapobadilika. Kwa majirani zetu wa Kenya, Kenya Community Development Foundation imekuwapo tangu mwaka 1997.

Mfadhili anayetoka mbali huja na mada zake, na mara nyingi mchangiaji wake hatafika Kigoma hata siku moja. Mchangiaji wa mfuko wa jamii anaweza kuwa mama anayeuza migebuka soko la Mwanga, ambaye wiki ijayo atapita mbele ya kisima alichokichangia na kuona kwa macho yake kama kinatoa maji. Masharti yetu mengi ambayo waombaji huyaona kuwa ni usumbufu yanatokana na jambo hilo: fedha hizi zina wenyewe, na wenyewe wapo hapahapa.

Nani anaruhusiwa kuomba?

Asasi yoyote isiyogawana faida, iliyosajiliwa kisheria, na inayofanya kazi ndani ya mkoa huu. Wengi wanaokuja kwetu ni mashirika yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, ambayo inaruhusu usajili wa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Shirika la ngazi ya wilaya lina haki sawa na shirika la taifa mbele ya kamati yetu, ila lisiombe fedha za kufanya kazi nje ya wilaya iliyoandikwa kwenye cheti chake. Tunapokea pia jumuiya zilizosajiliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wadhamini waliosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na vikundi vya kijamii vinavyotambuliwa na halmashauri.

Walio na kampuni isiyo na hisa iliyosajiliwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) wakumbuke kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalizitaka kampuni za namna hiyo zinazofanya kazi za mashirika yasiyo ya kiserikali zisajiliwe upya kwa Msajili wa mashirika hayo. Kama hilo halijafanyika, lifanyike kwanza. Maafisa maendeleo ya jamii katika wilaya na mkoa wanaweza kuwaelekeza, na si lazima kusafiri hadi Dodoma.

Kikundi chetu hakijasajiliwa kabisa, lakini kila mtu kijijini anajua kazi yetu. Tufanyeje?

Mnaweza kuomba kupitia asasi mlezi, yaani asasi iliyosajiliwa ambayo itasaini mkataba, kupokea fedha katika akaunti yake na kuwajibika kwa matumizi. Utaratibu huu ni mzuri, lakini umevunja urafiki mwingi, na kwa kawaida ugomvi huanzia kwenye kiasi ambacho mlezi anakata kwa ajili ya gharama zake. Andikeni makubaliano hayo kabla ya kuomba, muyaambatishe kwenye maombi, na mtaje pia ni nani atabaki na vifaa mradi utakapokwisha.

Ruzuku ina tofauti gani na fedha za asilimia 10 za halmashauri?

Fedha za halmashauri ni mkopo. Hutengwa kutoka mapato ya ndani, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na hurejeshwa bila riba ili kikundi kingine nacho kipate. Ruzuku hairejeshwi, lakini haitolewi ili wanachama wagawane au waanzishe biashara ya mtu mmoja mmoja. Kikundi kinachotaka mtaji wa duka au mashine ya kukoboa kwa faida ya wanachama wake kiende halmashauri. Kinachotaka kuwafundisha wachakataji wote wa mawese wa kata yake namna ya kukamua bila kuchafua kijito, hicho kije kwetu.

Mnafadhili shughuli gani, na zipi hamzifadhili?

Hatuna orodha ndefu. Elimu, afya, maji, mazingira, ulinzi wa watoto, haki za watu wenye ulemavu, uvuvi na kilimo endelevu, utamaduni: yote yanapokelewa, mradi manufaa yafike kwa watu wa mkoa huu na yasiishie kwa viongozi wa asasi. Hatufadhili kampeni za kisiasa, kulipa madeni ya zamani, wala shughuli iliyokwisha kufanyika. Taasisi za dini zinaweza kuomba kwa ajili ya huduma za jamii zinazotolewa kwa watu wote bila kujali imani zao, lakini si kwa ajili ya mahubiri au ujenzi wa nyumba ya ibada.

Tunatakiwa kuleta nyaraka zipi?

Nakala ya cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho, majina na vyeo vya viongozi, taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, na kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, uthibitisho kwamba taarifa na ada ya mwaka vimefika kwa Msajili. Angalieni pia tarehe ya cheti chenu, kwa sababu tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti cha shirika lisilo la kiserikali kina ukomo wa miaka 10 na huhuishwa.

Muhtasari wa mkutano mkuu ndiyo karatasi inayowaangusha wengi. Tunauomba kwa sababu ndiyo unaoonyesha kama asasi ina wanachama wanaokutana na kuhoji, au ni mali ya mtu mmoja mwenye mhuri. Muhtasari ulioandikwa kwa kalamu katika daftari la kaunta, wenye hoja za wanachama na saini zao, una thamani kubwa kwetu kuliko ule uliochapwa vizuri juzi kwa ajili ya maombi haya. Wasomaji wetu wanautambua.

Je, andiko la mradi lazima liwe la Kiingereza?

Hapana. Tunapokea Kiswahili, na kwa kweli tunakipendelea. Kila duru ya maombi tunasoma maandiko yanayosema kwamba asasi «itawajengea uwezo wanajamii ili kuleta mabadiliko chanya na endelevu», na msomaji hufika ukurasa wa mwisho bila kujua ni wanajamii gani, wa kijiji gani, watakaofundishwa nini na nani. Andikeni kama mnavyomweleza mwenyekiti wa kijiji ambaye hana muda: tatizo ni lipi, linawapata akina nani, nyinyi mtafanya nini, kwa muda gani, na baada ya hapo nini kitakuwa tofauti.

Hatudai mlipe mtaalamu wa kuandika maandiko. Mtaalamu anayeandika kwa niaba ya asasi tano kwa mtindo mmoja hutuachia kazi ya kutenganisha mapacha, na siku ya ziara viongozi hushindwa kueleza kilichoandikwa kwa jina lao.

Maombi yanapitia hatua gani, na mnaangalia nini?

Kwanza dawati hukagua nyaraka, na asasi yenye upungufu mdogo huarifiwa ili irekebishe kabla dirisha la maombi halijafungwa. Pili, kila andiko husomwa na wasomaji wawili wasiojuana maoni, nao hutoa alama. Tatu, asasi zilizofanya vizuri hutembelewa. Nne, kamati ya ruzuku, ambayo ina watu wa wilaya mbalimbali, hukaa na kupendekeza. Mwisho, bodi huidhinisha.

Jambo tunalolitafuta ni kama asasi inaijua kazi yake kutoka ndani. Chukueni mfano wa mafunzo ya kuwasaidia wanawake wanaokausha dagaa waache kuanika mchangani na watumie vichanja. Andiko moja linasema mafunzo yatafanyika «katika robo ya pili ya mwaka». Andiko la pili linasema yatafanyika siku za mbalamwezi, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa taa na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, hivyo akina mama nao wana nafasi. Aliyeandika la pili amekaa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotua. Tunampa alama hata kama andiko lake lina makosa ya tahajia, kwa sababu mradi wake una nafasi ya kufanikiwa, na wa mwenzake utaita mkutano siku ambayo hakuna atakayekuja.

Vivyo hivyo kwa kalenda ya mvua. Mkoa wetu hunyeshewa kuanzia kama Novemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo watu wa vijijini wako mashambani na baadhi ya njia hazipitiki. Andiko linalopanga ujenzi na mikutano ya hadhara mwezi Januari bila kuligusa suala hilo huulizwa maswali.

Ziara ya uhakiki si ukaguzi wa kushtukiza, wala hatutarajii kuku achinjwe. Tutaomba kuona mahali pa kazi, kuongea na watu wachache wanaohudumiwa bila viongozi kuwapo, na kumsikiliza mweka hazina akieleza vitabu vyake mwenyewe.

Bajeti iandikwe vipi?

Kila mstari uonyeshe ni kitu gani, vingapi, kwa bei gani, na jumla yake. Mstari unaosema «vifaa: shilingi 3,000,000» hatuwezi kuupima. Ukivunjwa kuwa mbao, misumari, nyavu za kuanikia, ufundi na usafirishaji, kila kimoja na bei yake, mtu wa kamati anayejua bei za mbao Kasulu ataweza kusema kama ni sahihi. Bei iliyopunguzwa ili kutufurahisha ina madhara sawa na iliyoongezwa, maana mradi hukwama njiani.

Kwa vijiji vya mwambao, kama Mwamgongo na Kagunga, wekeni gharama halisi za boti. Waombaji wengi huandika nauli za barabarani kwa mazoea, na baadaye hutuandikia barua za kuomba nyongeza. Wekeni pia mchango wenu, hata usiwe wa fedha: jengo la kijiji mtakalotumia, nguvu kazi, mawe na mchanga. Hatuuweki kama sharti la kiwango fulani, lakini unatuonyesha kwamba jamii imeshiriki kabla ya sisi kufika.

Mishahara, posho na kodi ya ofisi vinaruhusiwa?

Vinaruhusiwa kwa kiasi. Asasi haiendeshwi kwa hewa, na tunaona si haki kumtaka mtu asimamie mradi wa mwaka mzima bila kumlipa mwangalizi wa vitabu wala umeme. Tunachokataa ni bajeti ambayo sehemu yake kubwa ni posho za vikao vya viongozi kwa viongozi. Washiriki wa mafunzo walipwe nauli na chakula. Posho ya kukaa na kusikiliza jambo linalowafaa wao wenyewe hatuitoi, na tunajua uamuzi huu hauwapendezi wote.

Mjumbe mmoja wa kamati ni ndugu wa katibu wetu. Je, tumepoteza nafasi?

Hapana. Mkoa huu watu wanajuana, na tungewazuia wote wenye undugu au urafiki, kamati ingebaki na viti vitupu. Kinachotakiwa ni kutamka uhusiano huo kwa maandishi, nyinyi kwenye fomu na mjumbe kwenye daftari la masilahi. Siku ya kujadili maombi yenu mjumbe huyo hutoka nje ya chumba, na muhtasari huandika kwamba alitoka. Uhusiano uliofichwa ukigundulika baadaye, ruzuku husitishwa.

Tunahitaji barua ya serikali?

Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au kata inatosha kuonyesha kwamba mnafahamika na kazi yenu inajulikana. Haihesabiwi kama alama ya ziada, na barua ya kiongozi wa ngazi ya juu haiongezi uzito.

Wanaofanya kazi na wakimbizi wana sharti la nyongeza. Kuingia kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu, kunahitaji kibali kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na hatutoi fedha kabla ya kukiona. Miradi inayowahudumia wenyeji wa vijiji vinavyopakana na kambi haihitaji kibali hicho, nasi tunaikaribisha, kwa kuwa kuni na maji vya pande zote mbili vinatoka katika ardhi ileile.

Tukikubaliwa, fedha zinatolewaje?

Mtasaini mkataba wa ruzuku, na fedha zitaingia katika akaunti ya asasi yenye watia saini wasiopungua wawili. Haziingii katika akaunti ya mtu binafsi wala kwenye simu ya mwenyekiti. Hutolewa kwa awamu, na awamu inayofuata hutoka baada ya taarifa ya ile iliyotangulia kupokelewa.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yazingatie pia kanuni za mwaka 2018, ambazo kwa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zinataka mkataba uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na chanzo cha fedha pamoja na matumizi yake viwekwe wazi kwa umma. Wajibu huo ni wa shirika. Sisi tutawakumbusha, lakini hatuwezi kuwatimizia.

Mwenye boti hana risiti, na muuza mbao kijijini hana mashine ya EFD (ya kielektroniki ya kutoa risiti). Tutathibitishaje matumizi?

Swali hili huulizwa kila mwaka, na ndilo linalowatia hofu waweka hazina waaminifu. Kwa manunuzi ya mjini, kwa wafanyabiashara wanaopaswa kutoa risiti za EFD, tunadai risiti hizo bila mjadala, na muuzaji anayewaambia bei itashuka mkikubali kukosa risiti mwacheni. Kwa malipo ambayo kwa kweli hayana risiti, kama nauli ya boti kutoka Kibirizi, bodaboda ya kupanda Kalinzi au kibarua cha kuchimba msingi, tumieni hati ya malipo ya asasi: tarehe, jina la aliyelipwa, namba yake ya simu, kazi aliyoifanya, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, saini yake au dole gumba, na saini ya shahidi ambaye si mlipaji. Ijazwe siku hiyohiyo. Hati ishirini zilizojazwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja usiku wa kuamkia siku ya taarifa tunazirudisha.

Fedha taslimu anazopewa mtu kwenda nazo safarini ni masurufu, na zirejeshwe kwa hesabu kabla hajapewa nyingine.

Mambo yakibadilika katikati ya mradi?

Tuambieni kabla ya kutumia. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na mradi wowote uliotegemea dagaa kupatikana katika miezi hiyo ulilazimika kupangwa upya. Mabadiliko ya namna hiyo si kosa la mtu. Barua fupi yenye sababu, pendekezo na bajeti iliyorekebishwa hujibiwa kwa maandishi, na jibu hilo ndilo kinga yenu mkaguzi akija.

Taarifa ya mradi iwe na nini?

Yaliyofanyika, yaliyoshindikana na sababu zake, na hesabu. Taarifa isiyo na kilichoshindikana tunaisoma kwa mashaka. Picha zinakaribishwa, ila kwa ridhaa ya waliopigwa, na za watoto kwa ridhaa ya mzazi au mlezi. Majina ya wagonjwa au ya watoto waliofanyiwa ukatili yasiandikwe popote, na viongozi waisome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mtu fulani ametuambia anaweza kusukuma maombi yetu tukimpa asilimia kidogo. Ni kweli?

Si kweli. Fomu ni bure, kuomba ni bure, na hakuna wakala aliyeteuliwa. Tupeni taarifa kwa siri. Asasi iliyotoa chochote hufutwa katika duru hiyo sawa na aliyepokea anavyoondolewa, lakini asasi iliyotuarifu kabla ya kutoa haipotezi kitu.

Tumekataliwa. Tunaweza kujua sababu na kukata rufaa?

Kila asasi hupewa barua yenye sababu, na inaweza kuomba kikao cha maelezo ambapo dawati huwasomea maoni ya wasomaji bila kutaja majina yao. Rufaa husikilizwa ikiwa utaratibu umekiukwa, kwa mfano waraka wenu ulipotea ofisini kwetu au mjumbe mwenye masilahi hakutoka chumbani. Haisikilizwi kwa sababu tu kwamba alama hazikuwaridhisha. Rufaa iandikwe ndani ya muda uliotajwa katika barua ya majibu, isainiwe na viongozi wawili, na ipelekwe kwa katibu wa bodi badala ya dawati hili, kwa kuwa inawezekana wanaolalamikiwa ni sisi.

Duru inayofuata mnaruhusiwa kuomba tena kwa mradi uleule. Ambatisheni barua yetu ya kukataa na ukurasa mmoja unaoeleza mlichokibadilisha, ili wasomaji wapya wasianzie mwanzo.